Injini Inapofunguliwa kwa Mara ya Kwanza: Namna ya Kuitambua Karakana ya Kuchonga

Mvua za msimu katika Mkoa wa Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo pawatila ya Kakese, Mwamkulu au Usevya inayoanza kutoa moshi wa buluu na kumaliza oili mwezi Agosti humwachia mwenyewe takriban miezi mitatu ya kuitengeneza kabla majaruba hayajajaa maji. Kwa mkulima mmoja, kuchelewa kwa wiki chache huweza kumgharimu msimu mzima. Kwa kikundi cha vijana au wanawake kilichonunua mashine hiyo kwa mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa rejesho halisubiri injini ipone. Mwenye mashine ya kusaga nafaka, mwenye Hiace ya abiria na kijana wa bodaboda wako katika hali ileile.

Si haba injini zilizofunguliwa, zikawekwa spea mpya, zikafungwa, kisha zikanoki kabla ya mwaka kwisha. Mwenyewe humlaumu fundi wa gereji, fundi huilaumu spea, na muuza spea huilaumu oili. Mara nyingi kosa halikutokea kwa yeyote kati yao. Lilitokea katikati, kwenye karakana ya kuchonga, mahali ambapo mwenye injini hakufika na hakujua cha kuuliza.

Yafaa kuzitenganisha kazi hizi mbili. Gereji hufungua injini na kuifunga. Karakana ya kuchonga hubadili umbo la chuma chenyewe: hupanua silinda zilizolika, husaga shingo za krenki, hunyoosha uso wa silinda hedi na kutengeneza vikalio vya valvu. Spea iliyowekwa vibaya hutolewa ikawekwa tena. Chuma kilichokatwa kupita kipimo hakirudi. Ndiyo maana mtu anayefungua injini kwa mara ya kwanza ashike lengo moja tu, nalo ni kuirudisha katika vipimo vya kiwandani. Habari za kuongeza nguvu au mwendo ziachwe kwa wakati mwingine.

Kabla ya kubeba bloki

Safari nyingi za kwenda kuchonga hazikuwa na haja. Moshi wa buluu huweza kutokana na sili za valvu zilizokauka, na maji yanayopungua kwenye rejeta huweza kuwa ni gasketi ya hedi. Fundi apime kwanza mgandamizo wa kila silinda. Katika injini ya dizeli, moshi mweusi na kukosa nguvu huhusu zaidi pampu na nozeli, ambazo zina mafundi wake mahsusi na hazihusiani na kuchonga bloki.

Ikithibitika kwamba silinda zimelika, swali linalofuata ndilo linalookoa fedha nyingi kuliko mengine: je, silinda ya injini hii ni slivu inayotolewa, au imechongwa ndani ya bloki yenyewe?

Pawatila nyingi na mashine nyingi za kusaga hutumia injini ya Kichina ya silinda moja ya aina ya S195, yenye kipenyo cha silinda cha milimita 95, mwendo wa pistoni wa milimita 115 na nguvu farasi 12. Silinda yake ni slivu inayozungukwa na maji, yenye mipira ya kuzuia uvujaji upande wa chini. Ikilika hutolewa na nyingine mpya husukumwa mahali pake, pamoja na pistoni na ringi mpya. Kazi hiyo hufanyika kijijini, mradi fundi asafishe vizuri kiti cha slivu na ahakikishe kwamba ukingo wake wa juu umejitokeza kidogo juu ya uso wa bloki kwa kiasi kilichowekwa na kiwanda. Ukizama, gasketi haibani na maji yatapita. Mwenye injini kama hii akiambiwa bloki isafirishwe mjini kwenda kuchongwa silinda, ana haki ya kuuliza sababu. Kinachoweza kuhitaji karakana katika injini hiyo ni krenki na hedi, na hivyo huchukulika kwa basi.

Pikipiki za bodaboda nazo zina njia yao. Silinda yake huuzwa pamoja na pistoni na ringi kama seti moja, na mara nyingi seti mpya ni nafuu kuliko kuchonga ya zamani. Ugumu uko kwenye konrodi. Krenki ya pikipiki hizo imeundwa kwa vipande viwili vilivyobanwa kwa pini, na kubadili konrodi ni kuvitenganisha kwa presi, kuviunganisha tena, kisha kuvizungusha mbele ya kipimo cha saa ili kuona kama vimenyooka. Anayevinyoosha kwa nyundo na kwa macho huirudisha pikipiki ikiwa na mtetemo, na beringi za krenki huanza kulia baada ya muda mfupi.

Injini za magari ndizo zinazohitaji karakana hasa. Toyota 3L, inayoonekana sana kwenye Hiace na pikapu, ina silinda nne za milimita 96 zilizochongwa ndani ya bloki. Zikilika, kila moja hupanuliwa na kupewa pistoni kubwa zaidi. Hapo ndipo elimu ya vipimo inapoanza.

Karakana hujulikana kwa vipimo

Mteja mgeni huvutiwa na wingi wa mashine na kelele zake. Kigezo bora zaidi ni kimya: fundi akipokea bloki, huchukua nini kwanza mkononi? Anayestahili kuaminiwa huosha sehemu husika, huchukua mikromita na kipimo cha saa cha kupimia ndani ya silinda, hupima na kuandika. Hupima silinda juu, katikati na chini, kwa sababu silinda hulika zaidi pale ringi zinapogeukia juu. Hupima pia kwa pande mbili zinazokatizana, kwa sababu msukumo wa pistoni huifanya silinda iwe na umbo la yai. Shingo za krenki hupimwa kwa namna hiyo hiyo. Anayetazama kwa jicho, akapitisha kidole na kutamka kwamba hii inataka hamsini, bado hajapima chochote.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana kwa mfano mdogo. Karatasi moja ya kuandikia ina unene wa takriban milimita 0.1. Katika injini nyingi za magari madogo, pengo kati ya pistoni na silinda ni dogo kuliko unene huo, na nafasi ya oili kati ya shingo ya krenki na beringi yake ni sehemu chache tu za mia moja ya milimita. Pengo likiwa dogo mno, pistoni hukwama injini ikipata joto. Likiwa kubwa mno, injini hugonga asubuhi na kula oili kama ilivyokuwa kabla ya gharama zote. Kidole hakiwezi kubainisha tofauti hiyo.

Swali la pili ni la mashine. Karakana nyingi ndogo zina mashine ya kukereza, ile ambayo mafundi huiita lethi. Ni mashine ya thamani kubwa kwa bushi, shafti, puli na nyuzi za bolti zilizokwisha, na kwa kazi hizo hakuna haja ya kusafiri mbali. Lakini mashine ya kukereza si mashine ya kusaga krenki. Shingo za konrodi hazizungukii katikati ya krenki, nazo zinahitaji mashine iliyoundwa kuzishika zikiwa nje ya kitovu na kuzisaga kwa jiwe hadi ziwe duara na laini. Krenki iliyosuguliwa kwa msasa wa kitambaa kwenye lethi hung'aa vizuri, ikapendeza macho, na isiwe duara. Hivyo mteja aulize waziwazi: ipo mashine ya kusaga krenki? Ipo mashine ya kupanua silinda na mawe ya kuisugua baada ya kupanuliwa? Ipo mashine ya kunyoosha uso wa hedi? Fundi mwaminifu atasema ipi anayo na ipi hana, na atataja mahali anapopeleka kazi zinazomzidi. Jibu la namna hiyo ni dalili njema, wala mteja asilione kuwa udhaifu.

Ulizo jingine ni juu ya kujaza chuma. Wapo wanaojaza shingo ya krenki kwa kuchomelea, kisha kuisaga irudi kipimo. Joto la kuchomelea huweza kuipinda krenki au kuacha nyufa zisizoonekana. Kwa injini inayobeba abiria, ni afadhali krenki nyingine kuliko iliyojazwa bila ukaguzi wa nyufa.

Pistoni hutangulia kuchonga

Kosa linalowagharimu wengi ni la mpangilio. Mwenye injini, akitaka kuokoa muda, hununua pistoni na beringi siku ile ile anayofungua injini. Baadaye vipimo vinaonyesha kwamba silinda moja imelika kupita saizi aliyonunua, na duka halipokei spea iliyofunguliwa pakiti. Wengine hufanya kinyume chake: karakana huchonga silinda kwa saizi fulani, kisha pistoni za saizi hiyo hazipatikani Mpanda, Tabora wala Mbeya.

Mpangilio ulio salama ni kupima, kuamua saizi, kuhakikisha kwamba pistoni za saizi hiyo zipo sokoni, kuzinunua, kuzipeleka karakana, ndipo kuchonga. Pistoni ya hamsini ni ile iliyo kubwa kuliko ya kiwandani kwa milimita 0.50, na silinda ya 3L kwa saizi hiyo hukaribia milimita 96.50. Hata hivyo, viwanda hutofautiana, na pistoni zenyewe hutofautiana kidogo. Fundi makini huipima kila pistoni, huongeza pengo linaloelekezwa na mtengenezaji, na huchonga silinda kwa ajili ya pistoni hiyo. Huziandika namba pia, ili gereji isizichanganye. Karakana inayosema haina haja ya kuziona pistoni imeshajibu swali la kama inafaa.

Kwa krenki hesabu hugeuka. Shingo husagwa ikawa nyembamba, nayo beringi huwa nene zaidi. Beringi iliyoandikwa 0.25 ni ya shingo iliyopunguzwa kwa milimita 0.25. Wenye injini za aina ya Lister waangalie zaidi. Injini hizo za mwendo wa polepole zilitengenezwa Dursley, Uingereza, na nakala zake hutoka Rajkot, India. Zimesaga unga katika vijiji vingi vya Tanzania kwa miaka mingi. Vipimo vyake ni vya inchi. Kipenyo cha silinda ni inchi 4.5, na saizi za beringi huandikwa 0.010 au 0.020, yaani takriban milimita 0.25 na 0.51. Mtu akitaja ishirini dukani bila kusema ni ya inchi au ya milimita, huweza kurudi nyumbani na kitu kisichoingia popote.

Isitoshe, kila saizi inayokatwa ni akiba inayotumika. Silinda na krenki zina idadi ndogo ya saizi kabla hazijafikia mwisho. Vipimo vikionyesha kwamba 0.25 inatosha na pistoni zake zipo, kuchonga hadi 0.50 ni kuutupa uhai wa injini.

Silinda hedi ikaguliwe nyufa kabla ya kutumia hata shilingi moja kuinyoosha. Hedi za dizeli za Toyota za jamii ya L hufahamika kwa kupasuka kati ya valvu zikipata joto kupita kiasi. Ukaguzi wa rangi ya kupenya, au wa kujaza hewa yenye shinikizo hedi ikiwa ndani ya maji, huonyesha ufa ambao jicho halioni.

Pa kuanzia Katavi

Mahali pa kwanza pa kuuliza ni kwa wanaolipa gharama za injini mara kwa mara: wamiliki wa malori ya tumbaku na mahindi, wenye mabasi, na wachimbaji wanaotumia mashine za kusaga mawe. Wao hawakumbuki karakana iliyochonga kwa bei ndogo. Hukumbuka iliyochonga injini ambayo bado inatembea. Wahojiwe jambo mahsusi: injini ilifungwa lini, imefanya kazi kwa muda gani, na karakana ilitoa vipimo kwa maandishi?

Chuo cha VETA Mpanda kina walimu wa ufundi wanaojua wahitimu wao wamekwenda kufanya kazi wapi. Ofisi ya SIDO ya mkoa huwahudumia wenye viwanda vidogo, karakana za chuma zikiwemo. Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1973, lina pia vituo vya kuendeleza teknolojia katika mikoa kadhaa, Kigoma na Mbeya ikiwamo. Mafundi wa TEMESA, wakala wa Serikali unaotengeneza magari ya umma, nao hujua kazi zipi hufanyika mkoani na zipi husafirishwa.

Ikibidi kusafiri, Tabora iko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara inayopita Koga, na Sumbawanga zaidi ya kilomita 200 kwa njia inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mbeya iko mbele zaidi. Kwa mzigo mzito, treni ya Mpanda kupitia Kaliua bado ni msaada. Reli hiyo ilifika karibu mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na vyuma si mzigo mgeni kwake. Pamoja na nauli, mteja apige simu kabla ya kuondoka, ataje aina ya injini na kazi inayotakiwa, na aulize foleni ina urefu gani. Karakana nzuri huwa na foleni. Ukiwa umebaki mwezi mmoja kabla ya mvua, hilo ni sehemu ya uamuzi.

Kinachosafirishwa ni bloki tupu, krenki, konrodi na hedi, wala si injini nzima. Vifuniko vya beringi kuu vifungwe mahali pake na kwa upande wake, kwa kuwa vilichongwa pamoja na bloki hiyo na havibadilishani nafasi. Krenki isilazwe chini ya mizigo mingine. Shingo zake zipakwe oili, zizungushiwe kitambaa, na krenki ishikwe imara isigongwe njiani.

Wapo watakaoshauri kununua injini ya mtumba badala ya kuhangaika na kuchonga. Wakati mwingine ushauri huo ni wa busara, hasa bloki ikiwa imepasuka. Lakini injini ya mtumba nayo haijulikani imelika kiasi gani, na kwa gari namba ya injini imo kwenye kadi ya usajili, hivyo mabadiliko hupaswa kufikishwa TRA. Bloki iliyochongwa hubaki na namba yake.

Makubaliano na mapokezi

Kabla ya mashine kuwashwa, makubaliano yaandikwe: kazi gani itafanyika, kwa saizi gani, kwa bei gani, lini itakamilika, na nani atabeba hasara chuma kikikatwa kimakosa. Risiti ya EFD idaiwe. Mgogoro ukifika Mahakama ya Mwanzo, karatasi husikika kuliko kumbukumbu za watu wawili waliokwisha kasirikiana.

Siku ya kupokea, mteja aende na fundi wake wa gereji, na vipimo virudiwe mbele yao. Ndani ya silinda ionekane mistari myembamba inayokatizana, iliyoachwa na mawe ya kusugua. Ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi mpya. Matundu ya oili kwenye shingo za krenki yawe na kingo zilizolainishwa, na ndani yake pasiwe na vumbi la jiwe.

Kuosha hudharauliwa kuliko kazi zote, ingawa huamua mengi. Chenga za chuma na unga wa jiwe vikibaki kwenye njia za oili, pampu itavisukuma moja kwa moja hadi kwenye beringi mpya ndani ya dakika za kwanza. Bloki ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi hadi kitambaa cheupe kinachopitishwa ndani ya silinda kitoke cheupe, kisha ikaushwe na kupakwa oili mara moja kabla kutu haijaanza. Njia za oili za krenki zipitishwe brashi nyembamba na hewa. Karakana ikisema imeshaosha, gereji ioshe tena.

Bolti za hedi na za beringi zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, kwa mpangilio wa kiwanda. Baada ya injini kuwaka, isiachwe ikiunguruma pasipo mzigo kwa saa nyingi, wala isipewe mzigo kamili siku ya kwanza. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kuwa hubeba chembe za sehemu mpya zinazozoeana.

Karatasi ya vipimo ihifadhiwe pamoja na kadi ya usajili, au kwenye jalada la kikundi kwa mashine ya kikundi. Fundi atakayeifungua injini hiyo mara ya pili, labda miaka mingi baadaye na labda si fundi yule yule, atahitaji kujua silinda zilifika saizi gani, krenki imebakiwa na saizi ngapi, na pistoni zilizomo zilitengenezwa na kiwanda gani.